Bwana Msa Arudi Kazini

Mpelelezi Sherlock Holmes wa Conan Doyle alianza kusomwa mwaka 1887, na hadi leo hajaachwa apumzike. Mwaka 2010 BBC ilimhamishia London ya sasa, akawa anatuma ujumbe kwa simu ya mkononi. Sahibu yake, Dakta Watson, naye alirudi kutoka vita vya Afghanistan, kama Watson wa Conan Doyle alivyorudi kutoka vita vya nchi hiyohiyo katika karne ya 19. Mwandishi wa Marekani, Nancy Springer, alimbunia Holmes mdogo wake wa kike, Enola, katika vitabu vilivyoanza kutoka mwaka 2006. Mwaka 2020 binti huyo akaingia kwenye filamu.

Kiswahili nacho kina mpelelezi anayestahili heshima hiyo ya kurudishwa upya.

Bwana Msa aliumbwa na Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Abdulla alianza kazi kama mkaguzi wa afya, kisha akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari na baadaye jarida la Mkulima. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957–58, ikachapishwa mwaka 1960. Ikafuatwa na Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mwana wa Yungi Hulewa na, mwaka 1984, Kosa la Bwana Msa. Mwandishi alifariki mwaka 1991.

Wahakiki husema kiko cha Msa na sahibu yake Najum vimetoka kwa Holmes na Watson. Ni kweli, lakini anayeishia hapo anampunja Abdulla. Katika kitabu cha kwanza, tajiri Bwana Ali anakutwa ameuawa mzimuni, pahali panapoogopwa. Penye hofu ya namna hiyo jibu huwa limeshapatikana kabla swali halijaulizwa. Msa haamini kwamba mzimu unaua, anamtafuta mtu. Na katika hadithi hizi mtu huyo hutafutwa ndani ya mambo yanayojulikana vyema pwani: urithi, ndoa ya siri, mtoto aliyefichwa, nasaba isiyotajwa barazani.

Hapo ndipo penye roho ya Bwana Msa, na hapo ndipo Tanzania ya leo inapomhitaji. Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu tu macho yao ni mekundu, wekundu uliotokana na miaka mingi ya kupuliza moto wa kuni na samadi jikoni. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa imani za waganga. Nyuma ya tuhuma kama hizo mara nyingine kuna shamba linalogombaniwa. Mpelelezi anayekataa kuulaumu mzimu, akauliza nani atarithi shamba, ana kazi tele.

Mwandishi atakayemrudisha awe na ujasiri wa kubadili mengine. Ulimwengu wa Abdulla ni wa mabwana wenye mashamba, na wanawake wengi wamesukumwa pembeni. Kwa nini Najum wa sasa asiwe muuguzi kijana wa kike, anayeingia hadi vyumba vya ndani ambako Msa hawezi kupiga hodi? Kisichofaa ni kumpa Msa bastola. Wapelelezi Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa wameshaifanya kazi hiyo, tena kwa ustadi. Silaha ya Msa ni masikio yake, na Kiunguja chake chenye utani na mafumbo. Kikiondolewa hicho, linabaki jina tupu.

Wasomaji wapya wapo. Vijana wanaofuatilia simulizi kwenye simu usiku kucha hawajakimbia hadithi. Wamekosa kufikishiwa hizi za Bwana Msa.

Basi wenye haki za kazi za Abdulla na wachapishaji wakae pamoja. Wavichape upya vitabu vyote vya Bwana Msa, vikiwa na maelezo mafupi ya msamiati wa zamani, na wavitoe kwa sauti vikisomwa na Wazanzibari wenyewe. Kisha, kwa idhini ya wenye haki, litangazwe shindano la kesi mpya ya Bwana Msa, na zawadi ya mshindi iwe kuchapishwa.