Tranka ya Uvunguni



Nilikuwa nimekusudia mwezi huu tuendelee na mazungumzo yetu juu ya chakula cha mtoto anayeachishwa ziwa, lakini mama mmoja amenibadilishia mpango. Tulikuwa kliniki, naye amebeba mtoto wa miezi tisa. Akanivuta pembeni kama mtu mwenye neno la aibu, nami nikadhani ni mambo ya ndani ya ndoa. Akasema, "Dada nesi, mume wangu ana miaka 44 na bado anakusanya vitu vya kuchezea. Vigari vya waya, vya bati, vya plastiki, kabati zima. Mimi sina pa kuweka vyombo vyangu. Je, huo si ugonjwa wa akili?"

Nilimjibu kwamba si ugonjwa. Nikamwambia pia kwamba jibu kamili ni refu, na kwamba ndani yake limo kosa langu mwenyewe, kwa hiyo asome ukurasa huu. Haya, mama, ndilo hili.

Tangu tulipooana, uvunguni mwa kitanda chetu kulikuwa na tranka ya bati, ya aina ile tuliyokwenda nayo shule za bweni. Ndani yake mume wangu alihifadhi matofali ya plastiki ya kujengea, yale yanayoitwa Lego. Kila tofali ni dogo, lina vinundu juu na uwazi chini, nalo hushikamana na jingine ukilibana. Baba mkwe wangu alikuwa seremala hapa Kigoma. Miaka ya 1980 alifanya kazi kwa familia moja ya wageni kutoka Ulaya. Walipofunga mizigo yao kurudi kwao mwaka 1991, walimpa sanduku la vitu vya watoto wao awapelekee wanawe. Mume wangu alikuwa na miaka 12. Mlikuwa na ngome, yaani jumba la kifalme lenye minara na askari wa farasi, na meli moja ya maharamia.

Mimi sikuona cha ajabu hapo. Lakini yeye, mtu mzima, karani mwenye familia, kila alipokwenda Dar es Salaam kikazi alipita Karume kwenye mitumba kupekua mafungu ya vitu vya watoto, akarudi na vitofali vitano au kumi ndani ya bahasha. Jumamosi jioni alifungua tranka, akavitandaza juu ya mkeka, akajenga, akabomoa, akafunga. Kwa miaka kumi na mitano nilimwona akifanya hivyo, wala sikumwuliza hata siku moja kwa nini. Nilikuwa nasema tu, "Baba, watu wazima wenzako wako barazani."

Agosti 2019 alikwenda Tabora kwa juma moja. Nami nilikuwa natazamia wageni wa mkutano wa akina mama wa kanisa, wanne wakilala kwangu. Nikafagia nyumba yote mpaka uvunguni. Nilipoivuta ile tranka, wazo likaja: watoto wa shule ya Jumapili hawana hata mpira, na hapa mtu mzima amefungia sanduku zima. Nikaigawa. Kila mtoto alipata konzi mbili, tatu. Meli ilikuwa imejengwa tayari, mtoto mmoja akaibeba nzima. Niliwaona wakiruka kwa furaha, nikajihisi nimetenda jema.

Chini kabisa mlibaki kijifuko cha kitambaa. Nilipokifungua nikakuta vipande vidogo vya mti, vyeusi vyeusi, vinanukia mafuta. Nikadhani ni mabaki ya useremala. Asubuhi iliyofuata niliwashia navyo jiko la mkaa nikachemsha chai ya wageni. Vilishika moto upesi sana.

Mume wangu alirudi na galoni la asali ya Tabora. Akainama kusukuma begi lake uvunguni, akabaki ameinama hivyo hivyo kwa muda. Nikamweleza habari za watoto wa Jumapili. Akanisikiliza, akasema, "Sawa." Kisha akauliza, "Mama, na kile kijifuko cha kitambaa?"

Nikasema, "Nimewashia jiko."

Hakupandisha sauti. Alikwenda kukaa nje, na ule ugali na migebuka niliyomwandalia vikapoa mezani. Kwa karibu majuma mawili alinisalimia kama mtu anavyomsalimia jirani. Mama mwenzangu, afadhali mume akugombeze.

Nilikwenda Ujiji kwa mama mkwe kujishtaki mwenyewe. Alikuwa anapepeta mchele. Akausukuma ungo pembeni. Akaniambia kwamba katika lile sanduku la wageni vitofali vingi vya ukuta wa ngome vilikuwa vimepotea, na wanawe walilia kwa sababu mnara haukusimama. Baba yao alikuwa hana mahali pa kuvinunua. Kwa hiyo usiku, baada ya kazi za watu, aliketi na koroboi, akachukua vikatio vya mninga na kuchonga tofali moja moja kwa kisu na patasi, vinundu juu, uwazi chini, akipima kwa tofali la plastiki lililo mkononi mwake. Wakati wa masika mti ulivimba, na tofali likagoma kuingia. Wakati wa kiangazi lililegea likadondoka. Ndipo alipoanza kuvisugua kwa mawese, visinywe maji sana. Alichonga thelathini na kitu kwa muda wa mwaka mmoja.

"Mwanangu," akasema, "marehemu alitengeneza vitanda, makabati, milango ya watu. Vya hapa nyumbani tuliviuza vyote alipougua, mwaka 1996, kimoja kimoja, mpaka meza. Vilivyokuwa vimebaki ni vile ulivyochoma."

Sikuwa na la kusema. Akanisogezea ungo, tukapepeta mchele.

Siku ile ndipo nilipopata pia habari ya meli. Wale vijana hawakuipenda bendera yake nyeusi. Huku kwetu maharamia si hadithi ya mbali, mama. Wavuvi wetu huvamiwa ziwani usiku na watu wenye silaha, wakanyang'anywa injini na nyavu, na mimi mwenyewe nimewahi kumsafisha vidonda mvuvi aliyerudi hivyo. Basi watoto wakaing'oa bendera, wakasema meli hii itakuwa Liemba. Lakini Liemba ina dohani, na meli ya tanga haina. Baba yao akachonga dohani ya mninga, akaichomeka katikati ya sitaha. Mtu mwenye mkono wa ndoano akawa mkata tiketi, mwenye mguu wa gongo akawa nahodha, na kasuku akasafirishwa kama kuku wa abiria, kutoka Kigoma mpaka Mpulungu.

Alipokuwa akichonga, mzee aliwasimulia kwamba Liemba yenyewe ilikuwa kitu cha kuunganishwa kama hicho wanachochezea. Na ni kweli. Iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer. Ikaunganishwa, kisha ikafunguliwa yote, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam. Kutoka pwani ililetwa kwa ile reli ya kati iliyofika Kigoma mwezi Februari 1914. Hapa ikaunganishwa upya, meli ya urefu wa mita 70 na zaidi, ikashushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Fikiri kipande kimoja kingepotea njiani! Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi isichukuliwe na adui, lakini kwanza wakaipaka mitambo grisi nene. Waingereza waliiibua mwaka 1924, nayo ikaanza safari tena mwaka 1927 ikiitwa Liemba. Mzee alikuwa akisugua mawese kwenye vitofali na kuwaambia wanawe, "Hii ndiyo grisi yangu."

Nilirudi nyumbani, na kesho yake nikaanza kuzunguka: Mwanga, Gungu, Katubuka, nikigonga milango ya wazazi wa watoto wa Jumapili, niombe vitofali nilivyovitoa kwa mkono wangu. Aibu yake ufikirie mwenyewe. Nilibeba pipi na penseli za kubadilishana.

Lakini kulikuwa na hofu nyingine iliyonikimbiza, na hapa naongea kama muuguzi. Katika nyumba ya tatu nilikuta mtoto wa mwaka mmoja na nusu ameketi sakafuni na kichwa cha askari wa plastiki mdomoni. Mimi, niliyefundisha akina mama miaka yote hii, nilikuwa nimegawa vitu vidogo vya hatari bila kuuliza kama nyumbani kuna mdogo. Sheria ni kwamba vipande vya namna ile si vya mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Akipaliwa asiweze kulia wala kukohoa, usimtie kidole kooni kwa kubahatisha, utakisukuma ndani. Aliye chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, mpige mara tano kati ya mabega kwa kiganja. Kisha mgeuze, umbonyeze mara tano kwa vidole viwili katikati ya kifua, urudie. Aliyezidi mwaka, baada ya mapigo matano ya mgongoni, simama au piga magoti nyuma yake, mzungushie mikono, ukunje ngumi juu kidogo ya kitovu, uvute ndani na juu mara tano. Endelea kwa zamu mpaka kitu kitoke, na mwenzako akatafute msaada. Akizimia, mlaze chali uanze kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi huku mkimkimbiza hospitali. Kitu kikiwa puani, usikichokoe kwa kijiti, njoo naye kwetu.

Yule wa siku ile alitema kichwa cha askari kiganjani mwangu akacheka.

Nilikusanya vingi, si vyote. Meli niliikuta Kibirizi, kwa kijana wa miaka minane ambaye baba yake ni mvuvi wa dagaa. Alikuwa ameiweka dirishani. Nikamwuliza ni meli gani. Akanitazama kama anayeona huruma, akasema, "Si Liemba? Huoni dohani?" Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Nilimweleza mume wangu, naye akavaa viatu saa ile ile. Najua, msomaji, ungependa niandike kwamba alimwachia mtoto ile meli. Hapana. Aliketi naye kizingitini karibu saa nzima, wakazungumza mambo ya nahodha na kuku, kisha akarudi nayo nyumbani ndani ya gazeti, na kesho yake akampelekea yule kijana mpira mpya wa ngozi. Alikuwa na haki.

Siku hizo ndipo alipoanza kunieleza mwenyewe, kidogo kidogo, huku anajenga. Kwamba aliyeanzisha kiwanda hicho, Ole Kirk Christiansen, alikuwa naye seremala, katika kijiji cha Billund, Denmark, akachonga vitu vya watoto kwa mbao tangu mwaka 1932, plastiki ikaja baadaye. Kwamba tofali lililotengenezwa mwaka 1958 hushikamana barabara na la leo. Kwamba ngome za kwanza zenye vijitu vyake zilitoka mwaka 1978 na maharamia mwaka 1989, na kabla ya hao vijitu vyote vilikuwa na uso mmoja wa tabasamu. Maharamia ndio walioleta ndevu na vitambaa vya jicho. Na kwamba huko Ulaya na Marekani watu wazima ni wengi wanaotafuta masanduku ya zamani kwa fedha nyingi, hata kiwanda kikawatolea meli ya kuwakumbusha ile ya 1989, mwaka 2020, yenye vipande 2,545, na mwaka 2022 ngome ya vipande 4,514. Nikamwambia tuweke fedha kidogo kidogo tuagize hiyo ngome kupitia kwa mpwa wetu. Akasema ni nzuri, lakini siyo yake.

Kwa hiyo, dada wa kliniki, kabla hujalifungua lile kabati, keti chini umwulize kigari cha kwanza alipewa na nani. Vyombo vyako bado unavihitaji, hilo nakubali. Fundi wa pale Mwanga atakupigia rafu ukutani kwa bei ya maelewano.

Tranka kwetu haipo tena uvunguni. Ngome iko juu ya kabati la sebuleni, na Liemba kando yake, mbali na mikono ya wajukuu watakaokuja. Upande mmoja wa mnara pana pengo, upana wa vitofali thelathini na kitu. Nilipendekeza tumwombe seremala achonge vingine. Mume wangu alinishukuru, akasema hapana. Nikipangusa vumbi hapo juu, huwa nalipita pengo lile kwa pembeni.