Sauti Ina Mwenyewe

Wazee kadhaa wamelalamika kwamba vijana wetu wanasikiliza mno nyimbo za Wazungu, mfano zile za One Direction. Nimelitafakari jambo hilo. Hatari naiona, ila haimo katika nyimbo.

Mwaka 2010 wavulana watano walifika, kila mmoja peke yake, kwenye The X Factor, shindano la waimbaji katika televisheni ya Uingereza. Hakuna aliyeruhusiwa kuendelea peke yake. Waliunganishwa wakawa kundi. Walishika nafasi ya tatu, kisha wakajulikana dunia nzima. Muziki wao ulikuwa mwepesi: magitaa, beti za kupokezana, na kiitikio cha sauti zote pamoja. Kila mwanakorali anaujua utamu huo. Tangu 2011 hadi 2015 walitoa albamu tano, moja kila mwaka, huku wakizunguka dunia. Zayn Malik alijitoa Machi 2015. Mwaka uliofuata kundi zima lilikuwa limenyamaza. Tarehe 16 Oktoba 2024, Liam Payne alianguka kutoka ghorofa ya hoteli huko Buenos Aires, akafa. Alikuwa na miaka 31. Mbele ya waamuzi alisimama mara ya kwanza akiwa na miaka 14, na baadaye alisimulia hadharani jinsi upweke na pombe vilivyomwandama katika miaka ya sifa.

Simhukumu, namwombea pumziko. Bali najiuliza: sisi tuko tofauti na waamuzi wale?

Katika korali yetu ya Butembo alikuwamo kijana wa sauti ya tenori, aliyekimbia mauaji upande wa Oicha. Siku ya Pasaka tulimpigia makofi. Alipokosa mazoezi Jumamosi tatu, tulimtoza faini, kisha tukafuta jina lake. Nilikuwamo katika kikao hicho, wala sikupinga. Miezi ilipita ndipo tulipojua kwamba Jumamosi alikuwa akibeba matofali ili wadogo zake wapate kula.

Katika mfano wa talanta (Mt 25:14-30), bwana anawaita kwanza watumishi wake, ndipo anawakabidhi mali. Sisi tulishika talanta, tukamsahau mtumishi.

Mtaniambia kwamba korali bila nidhamu huvunjika. Ni kweli. Lakini kumtembelea mtu hakuvunji nidhamu, na huchukua alasiri moja tu. Kwa hiyo napendekeza kwa korali zote, Butembo na Beni: asiandikiwe mtu faini wala asifutwe kabla watu wawili hawajafika nyumbani kwake na kumwuliza habari zake. Mimi nimekwenda kwa kijana yule, nimeomba msamaha. Alinipa kiti, tukazungumza hadi jioni. Habari ya kuimba sikuitaja.