Gesi Inaozea Sokoni

Mtungi wako wa kilo 6 ukiisha kabla ya mshahara, unarudi kwa jiko na mkebe wa makaa. Sasa pita Muthurwa ama soko la Korogocho jioni uangalie kinachobaki chini: majani ya kabeji, ndizi zilizopondeka, maembe yaliyooza. Hiyo ni gesi. Lakini inapakiwa kwa lori hadi Dandora, jaa lililofunguliwa 1975, likatangazwa limejaa 2001, na bado linapokea.

Hakuna uchawi hapa. Mabaki yakikatwakatwa na kufungiwa kwenye tangi pamoja na maji, hewa isiingie, bakteria huyala na kutoa methani. Mita moja ya ujazo ya gesi hiyo inawasha jiko kama saa mbili. Uji unaobaki ni mbolea. Dandora pia inatoa methani, ila huko hakuna wa kuikusanya. Ikishika moto, moshi unatuingilia nyumbani.

Na usiseme ni ndoto. Kibera, shirika la Umande Trust lilijenga vyoo vya umma vyenye tangi la gesi chini. Wengine walisita mwanzoni (nani anataka chai ya choo?), lakini moto ni moto.

Si kila mtu ajijengee, hapana. Ploti za Pipeline zimebanana hadi jua halifiki chini. Tangi utaliweka wapi, kwa ngazi? Na maganda ya nyumba moja hayawezi kuivisha githeri. Mahali pake ni sokoni, shuleni, na kwa hoteli zinazomwaga ndoo za mabaki kila siku.

Shida yetu ni ule mfuko mmoja. Sheria ya taka ya 2022 inataka zinazooza zitengwe na zisizooza. Umeona hiyo kwa ploti yako? Chupa, pampasi, ugali wa jana, vyote pamoja, na kijana anayebeba analipwa pesa ile ile akitenga ama asitenge. Bakteria hawali plastiki. Inaziba tangi tu.

Kaunti iache kutuahidi mitambo mikubwa ya umeme wa taka. Ianze na tangi moja Muthurwa, vijana wa taka walipwe kwa kila kilo safi wanayoleta, na mama wa chapati wa hapo hapo auziwe gesi. Wewe tafuta ndoo ya pili, halafu mwambie landilodi kwa nini iko hapo kwa mlango.