Kitundu cha sindano kwenye kidole cha mtoto
Mafundi seremala wengi siku hizi hupulizia vanishi ili kabati au mlango ung'ae bila michirizi ya brashi. Karakana ikiwa uani, watoto huzoea mashine hizo kama wanavyozoea jiko.

Mashine hazilingani. Ya tabaini hutoa upepo mwingi wa nguvu ndogo. Ile isiyotumia upepo husukuma rangi yenyewe kwa shinikizo linaloweza kufika psi 3000, wakati tairi la gari dogo hujazwa takriban psi 30. Hata ikizimwa, shinikizo hubaki kwenye mpira hadi fundi alitoe. Na kwa umbo lake la bunduki, ni mtoto gani asiyetaka kuishika?

Akiibonyeza kidole kikiwa kwenye ncha, rangi hupenya ngozi. Kinachoonekana ni kitundu kama cha sindano, damu kidogo, pengine hata halii. Mzazi hufunga plasta, mambo yakaishia hapo. Kumbe ndani rangi inasambaa na kuua nyama. Kuchelewa saa chache kunaweza kugharimu kidole.

Usikikamue. Mpeleke mara moja hospitali yenye daktari wa upasuaji, beba na kopo la rangi, useme wazi kwamba rangi imeingia kwa shinikizo. Wakitaka kusafisha kidonda tu na kumruhusu, sisitiza aonwe na daktari huyo.