Mtoto wa jicho katika taa za magari yetu

Jua likitua Tezo, giza halibishi hodi. Sisi tuishio karibu na Ikweta hatuna ule utusitusi mrefu wa nchi za Ulaya. Ikifika saa moja jioni, barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malindi huwa imekwisha kumezwa. Hapo ndipo utakapowaona wanafunzi wakirejea makwao kwa miguu, akina mama watokao sokoni Kilifi wakiwa na mizigo vichwani, na wapanda baiskeli ambazo hazina hata kijitaa cha nyuma. Wote hao hutegemea jambo moja ili walale salama: kwamba dereva atawaona.

Miezi michache iliyopita mimi sikumwona mmoja wao. Nilikuwa nikitoka Malindi, nimekwisha kuipita Roka na ninaikaribia Tezo, mara nikamkuta mbele yangu mzee akisukuma baiskeli iliyosheheni nazi. Nilikanyaga breki, gari likayumba, nikampita kwa upana wa kiganja. Niliposimama na kumwendea, mzee yule hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hukuniona?" Nikamjibu kwa haya, "Sikukuona, mzee wangu. Nisamehe." Jibu hilo lilikuwa la kweli, na ukweli huo ndio ulioninyima usingizi.

Asubuhi yake nililikagua gari. Balbu zilikuwa nzima, betri haina kasoro, nyaya hazijaliwa na kutu. Lakini vioo vya taa za mbele vilikuwa vimefanya ukungu wa manjano, mithili ya jicho la mzee lililoingia mtoto wa jicho. Nilikuwa nimeuona ukungu huo kila siku kwa miaka, nikidhani ni uchakavu usiodhuru, kama rangi iliyopauka mlangoni. Kumbe gari langu lilikuwa likipofuka, na mimi ndiye niliyekuwa nikiliongoza.

Tunaviita vioo kwa mazoea tu. Magari ya zamani, kama zile Peugeot 504 zilizotamba katika barabara zetu, yalikuwa na vioo vya kweli, navyo havikujua kufifia. Magari ya siku hizi yana taa za plastiki ngumu iitwayo polikaboneti. Wanakemia wawili, Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer nchini Ujerumani na Daniel Fox wa General Electric nchini Marekani, waliigundua mnamo 1953, kila mmoja kivyake. Ni nyepesi, hufinyangwa kwa umbo lolote, na haivunjiki upesi ikipigwa na jiwe. Ila ina adui mmoja, naye ni jua. Mionzi ya urujuanimno huikatakata minyororo ya polima hiyo, na hewa ya oksijeni ikamalizia kazi. Uso wa plastiki ukageuka manjano na kufanya nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Ndiyo maana kiwandani hupakwa utando mwembamba wa kuizuia mionzi hiyo. Utando ukichakaa, plastiki hubaki uchi.

Sasa tazama hali yetu. Tezo iko chini ya nyuzi nne kusini mwa Ikweta, na mara mbili kwa mwaka jua la adhuhuri hukaa karibu wima juu ya vichwa vyetu. Aidha, kuna mchanga na vumbi la vichochoroni vinavyoukwaruza utando huo. Zaidi ya yote, magari yetu mengi huja kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Sheria yetu huruhusu gari lililofikia umri wa miaka minane kuingia nchini. Gari kama hilo hushuka bandarini Mombasa likiwa tayari limeanza kuzeeka macho, kisha tunaliongezea miaka kumi ya jua la Pwani.

Hasara yake ni kubwa kuliko tunavyodhani. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilizipima taa zilizochakaa na kukuta kwamba zilitoa asilimia 22 tu ya mwanga wa taa mpya. Mwanafunzi wa fizikia ataelewa maana yake. Kwa kuwa mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, taa yenye moja ya tano ya nguvu zake huweza kukuonyesha kitu kwa umbali usiofika hata nusu ya ule wa awali. Tena gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata zaidi ya mita 22 kila sekunde. Dereva ambaye angemwona mtu akiwa mita 60 mbele, sasa humwona akiwa chini ya mita 30. Hizo ni sekunde moja na robo hivi; mguu hata haujatua vyema juu ya breki.

Jambo linalonisikitisha ni dawa tunazozitafuta. Dereva akiona haoni vyema, hununua balbu kali zaidi, au huwasha taa kamili tangu Mtondia hadi Gede bila kuzishusha. Hajui kwamba ukungu ule huutawanya mwanga huku na huko, ukawapofusha wanaokuja mbele, ilhali barabara yake mwenyewe yabaki na kiza. Anataka kuliponya jicho lake kwa kuwatoboa wenzake macho. Wengine husugua dawa ya meno. Hiyo ina unga laini unaong'arisha juu juu, na taa hupendeza kwa majuma machache, kisha manjano hurudi kwa sababu hakuna kilichowekwa kuizuia mionzi. Wengine hupaka dawa ya kufukuzia mbu, ambayo huuyeyusha uso wa plastiki. Hung'aa kwa muda, halafu huharibika kupita hapo kwanza. Kipya kinyemi, kingawa kidonda.

Tiba ya kweli haihitaji gereji kubwa. Nilifanya mwenyewe, kivulini chini ya mkorosho, kwa muda wa saa tatu hivi. Kwanza huoshwa taa kwa maji na sabuni, kisha hubandikwa tepu ya karatasi pembeni ili rangi ya gari isikwaruzwe. Halafu huchukuliwa msasa wa maji. Huanzwa na namba 800 ikiwa ukungu ni mzito, kisha 1000, 1500, 2000 na hatimaye 3000. Msasa na taa vyote viwe majimaji wakati wote. Kila unapobadilisha namba, badilisha na upande wa kusugua, ili mikwaruzo ya awali ionekane na kufutwa. Mwanzoni maji hutiririka yakiwa na weupe wa manjano. Huo ndio utando mkongwe unaotoka. Usishtuke taa ikizidi kuwa na ukungu kuliko ulivyoianza. Baada ya msasa wa mwisho, polishi ya gari na kitambaa laini huirudishia uangavu wake.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Plastiki hiyo sasa haina nguo kabisa, na jua la Kilifi litaila upesi kuliko mwanzo. Ni lazima ifutwe kwa spiriti, ikauke, kisha ipuliziwe vanishi angavu yenye kinga ya mionzi ya jua, ile ambayo mafundi wa rangi huiita klia, mikono miwili myembamba, mahali penye hewa na pua ikiwa imefunikwa. Thina na petroli visiiguse taa, kwani huipasua plastiki.

Najua yatakayosemwa. Fundi mmoja wa kando ya barabara aliniambia kwamba nikiwafundisha watu kazi hii nitamnyang'anya mkate. Sikubaliani naye, ingawa ninaielewa hofu yake. Wenye magari wengi hawana nafasi wala subira ya kusugua kwa saa tatu. Wakishajua umuhimu wake, watampelekea yeye. Atakayepoteza ni yule anayepaka dawa ya meno na kutoza malipo ya kazi kamili. Wengine watasema taa iliyosuguliwa haiwi mpya. Ni kweli. Chama kile cha Marekani kilikuta kwamba taa zilizosafishwa hurejea kwenye asilimia 70 hivi, na zile zenye nyufa za ndani au zilizoingia maji hazina budi kubadilishwa. Lakini kati ya 22 na 70 kuna maisha ya mtu na baiskeli yake.

Nawageukia sasa walimu wenzangu. Tunawafundisha vijana polima katika kemia, na mwanga katika fizikia, wakayakariri yote kwa ajili ya mtihani, kisha wakapanda matatu yenye taa za manjano bila kuona uhusiano wowote. Taa mbovu hutupwa kila siku nyuma ya gereji zetu. Mwalimu akiokota moja na kuileta darasani pamoja na msasa na ndoo ya maji, atafundisha katika kipindi kimoja kemia, fizikia na utu. Mwanafunzi atakayesugua nusu ya taa na kuiacha nusu nyingine hatahitaji kuelezwa tofauti.

Nanyi wanafunzi, mna macho makali kuliko yetu. Mkiyaona magari ya wazazi wenu, au matatu mnazopanda, yameingia mtoto wa jicho, semeni kwa adabu. Kumwambia mzazi kwamba taa zake zimefifia si utovu wa heshima. Nyinyi ndio mnaotembea kando ya barabara ile jioni.

Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuacha ufa wangu kwa miaka, na ilibaki upana wa kiganja nijengee ukuta usiojengeka. Tangu nilipozisafisha taa zile nimepita mahali pale mara nyingi usiku. Mzee yule nimemwona tena mara moja, akisukuma nazi zake, na nilimwona kutoka mbali. Nilipunguza mwendo nikashusha taa, naye akainua mkono, pengine bila kujua ni nani aliyekuwa akimwamkia.