Kuchuja ni Kubakiza Nini?

Wapo wasomi wanaotuambia kwamba Kiswahili ni lugha ya shairi na soko, si lugha ya kuiamrisha kompyuta. Hoja hiyo naikataa, na nitaipinga kwa jambo dogo: majina ya vitendo tunavyoifanyia orodha.

Kwanza tuwatazame hao tunaoambiwa tuwaige. Mwaka 1958, huko Marekani, John McCarthy alianza kubuni Lisp, lugha ya programu iliyojengwa juu ya orodha. Kitendo cha kuchukua kitu cha kwanza kiliitwa “car”, na cha kuchukua vilivyosalia “cdr”. Mwingereza wa kawaida haambulii kitu hapo, maana hivyo ni vifupisho vilivyotokana na sehemu za mashine ya IBM 704. Basi Kiingereza nacho hakikuzaliwa na istilahi mdomoni. Kilizitunga, na nyingine kilizitunga vibaya.

Huku kwetu Ipole, katika Unyamwezi ya misafara, mfano bora tunao. Msafara ulitanguliwa na kirangozi, wapagazi wakifuata mmoja nyuma ya mwingine. Mtoe kirangozi: waliosalia bado ni msafara, na aliye mbele yao sasa ndiye kirangozi. Orodha nayo hufanya kazi hivyo hivyo. Iteni “kirangozi” na “wafuasi”, na mwanafunzi ataelewa bila kufundishwa historia ya mashine.

Sasa tazama “filter”. Wengi hutafsiri “chuja” wakaridhika. Nami nauliza: kinachobaki ni kipi? Anayechuja chai hutupa majani. Wafuga nyuki wa hapa wakichuja asali hawaitupi nta, kwa kuwa nayo ni mali. Orodha ya alama ikiambiwa “chuja walio chini ya 30”, je, hao wanabaki au wanaondoka? Katika Python, wanaotimiza sharti ndio wanaobaki. Anayedhani vinginevyo atawafelisha waliofaulu. Lugha ya Ruby ina majina mawili, moja la kuchagua na jingine la kukataa. Sisi tuna “bakiza” na “ondoa”, yasiyoacha shaka.

Mbaya zaidi ni “reduce”. Mtafsiri wa neno kwa neno ataandika “punguza”, na mwanafunzi atangoje orodha ifupike. Kumbe kitendo chenyewe huchukua kitu kimoja kimoja, kikakiunganisha na matokeo yaliyotangulia, hadi lipatikane jibu moja, kama vile jumla ya alama zote. Huko ni kulimbikiza. Na “map” si ramani. Ni “geuza kila”, kwani kila kitu hutendewa jambo lile lile na idadi haibadiliki.

Kosa si la Kiswahili. Ni la wanaotunga istilahi wakilitazama neno la Kiingereza badala ya kukitazama kitendo. Mshairi akipungukiwa mizani moja hukosolewa hadharani. Mtunga istilahi asamehewe kwa lipi? Mtoto wa Sikonge husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha sekondari hudaiwa somo jipya na lugha ngeni kwa pamoja. Mimi niliyefundisha sekondari najua mzigo huo unavyowalemea watoto wenye akili nzuri.

Kwa hiyo nawataka BAKITA, walimu na watunga programu wakubali kipimo kimoja. Kabla istilahi haijapitishwa, iandikwe ndani ya amri, apewe mwanafunzi wa kidato cha kwanza, aseme orodha itakuwaje. Wengi wakikosea, neno lirudishwe kwa fundi wake.