Beni: si kila kuvu ni adui, mkulima asichome rafiki yake

Katika teritwari ya Beni, wakulima wazee wakisikia neno kuvu wanakumbuka kahawa. Trakeomikozi, ugonjwa unaoletwa na kuvu, ulikausha mashamba mengi ya robusta katika miaka ya 1980 na 1990. Familia ziling'oa mikahawa, zikaichoma, na nyingi zikageukia kakao. Kuchoma mti mgonjwa ilikuwa kazi ya lazima. Lakini kila mwaka moto unawashwa pia katika mashamba yasiyo na ugonjwa wowote, na huko unaua kuvu nyingine kabisa: ile inayolisha kakao, muhogo na maharagi.

Wataalamu wanaiita kuvu ya mikoriza. Haionekani kwa macho, wala haitoi uyoga wa kupeleka sokoni. Inaingia ndani ya mzizi bila kuuumiza, kisha inatandaza nyuzi nyembamba sana katika udongo, mbali kuliko mzizi wenyewe unavyoweza kufika. Nyuzi hizo zinaletea mmea maji na chumvi za udongo, hasa fosfori. Mmea nao unalipa kwa sukari inayotengenezwa na majani. Zaidi ya theluthi mbili ya aina za mimea duniani zinaishi kwa mapatano haya. Kabichi na lengalenga ni kati ya mimea michache ya bustani inayojitegemea.

Kwa Kongo jambo hili si la vitabu tu. Sehemu kubwa ya udongo mwekundu wa nchi hii ni chachu, na chuma na alumini zilizomo zinaishika fosfori kwa nguvu. Mzizi ukiwa peke yake unamaliza haraka kile kidogo kilicho karibu nao, halafu unabaki na njaa. Muhogo, ambao watu wanausifu kwa kuvumilia udongo uliochoka, unavumilia kwa sababu kubwa moja: unategemea sana kuvu hii. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Rafiki huyo ana udhaifu mmoja. Hawezi kuishi bila mzizi ulio hai. Moto mkali unaua kuvu nyingi za tabaka la juu, na shamba likikaa tupu kwa miezi, zilizosalia zinakufa njaa. Ndiyo maana miti ndani ya shamba ina faida kuliko kivuli tu. Albizia, avoka au mwembe unabaki na mizizi hai wakati mahindi yamekwisha kuvunwa. Mvua ikirudi, mbegu changa inakuta nyuzi zimekwisha kutandazwa.

Wengine watasema kwamba moto ni kazi rahisi, na majivu yanatoa mavuno mazuri. Ni kweli, kwa msimu wa kwanza. Majivu yanapunguza uchachu na kuleta potasi. Baadaye mvua inayachukua, mavuno yanashuka, na mkulima anasogea kukata msitu mwingine. Tena, mtu anayerudi kutoka ukimbizini na kukuta shamba limekuwa pori, mkononi ana panga na kiberiti tu. Kumlaumu huyo si haki. Yeye hajui kwamba lile pori, katika miaka aliyokuwa mbali, lilikuwa linamtunzia kuvu zake.

Lawama iende kwa wanaojua na hawasemi. Mashirika yanagawa mbegu na majembe, mara nyingine na mbolea, lakini ni nani anayemwambia mkulima akate majani na kuyatandaza badala ya kuyachoma? Mbolea yenyewe itumike kwa kipimo. Fosfori ikizidi, mmea unaacha kulisha kuvu, na mapatano yanavunjika.

Kazi inayotakiwa haina gharama kubwa. Agronomu wa serikali na vyama vya wakulima wa kakao waanzie kwenye pepinyeri: katika kila mfuko wa mche, gao moja la udongo kutoka chini ya mti mzima wenye afya, kamwe si kutoka shamba lililowahi kuwa na trakeomikozi au ndizi zilizonyauka. Familia zinazorudi zipewe msaada wa mikono kwa msimu wa kwanza, kwa sababu kufyeka bila moto kunachosha. Na kabla mfanyabiashara hajaanza kuuza kuvu ndani ya pakiti, INERA, yenye vituo Mulungu na Yangambi, iwezeshwe kuzijaribu katika udongo wa hapa.

Kongo inanunua mbolea kutoka mbali kwa dola. Kuvu hii iko tayari chini ya miguu ya mkulima, na haidai hata faranga moja. Inadai tu mzizi ulio hai, na kiberiti kibaki mfukoni.